Namba Saba Haitaki Udongo

Jumapili, 6 Oktoba

Namba Saba imetoa kikonyo. Nimekiona asubuhi nikijiandaa kwenda misa, kimejificha chini ya jani la tatu, urefu wa sentimita tano. Nilidhani ni mzizi. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mzizi wa okidi una ncha ya mviringo, hiki kina ncha kama mdomo wa kifaranga. Ni kikonyo cha maua. Misa nimechelewa, na Mungu anajua sababu.

Daftari hili mpaka jana lilikuwa la vipimo tu. Kuanzia leo nitaandika na maneno, kwa sababu sina tena wa kumsimulia.

Sabina, mke wangu, alikuwa na okidi mbili alizonunua Arusha. Moja nyeupe yenye maua makubwa, nyingine ya manjano yenye madoa mekundu, ndogo na yenye kiburi. Mwaka wake wa mwisho alichukua chavua ya ile ya manjano kwa kijiti cha meno, akaipaka kwenye ua la ile nyeupe, akafunga uzi mwekundu asisahau ni lipi. Nilimcheka. "Unawaozesha?" Akajibu, "Nawaozesha, na mahari nimeshapokea." Alifariki tunda likiwa bado bichi.

Lilipokomaa nililikata mwenyewe. Mbegu za okidi ni vumbi, na ukizimwaga ardhini umezitupa. Zinataka chupa iliyochemshwa, sukari, maji ya viazi, na mtu asiyepiga chafya. Nimefanya kazi maabara ya hospitali miaka thelathini na miwili, kwa hiyo hilo nililiweza. Nilipanda chupa arobaini za jamu juu ya meza ya jikoni. Thelathini na moja zikaota ukungu. Miche saba ilifika kwenye vyungu, mmoja ukafa, imebaki sita. Miaka mitatu sasa, na hakuna uliowahi kuchanua.

Hakuna ajuaye chotara hawa watakuwa na rangi gani. Sabina alibashiri ua jeupe lenye madoa. Siku tatu kabla hajatutoka alisema: "Likichanua, mwonyeshe mama." Nikamwahidi.

Shida ni kwamba mama yake, Mama Agutu, hajasema nami tangu mazishi.

Jioni binti yangu Winnie amepiga simu kutoka Sengerema anakofundisha. Bibi yake haoni tena hata mlango wa kutokea. Analetwa Mwanza kutibiwa, na Mwanza hana pa kufikia ila kwangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepaka chokaa chumba cha uani. Kwa Wajaluo, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Na sisi Wasukuma mkwe si mtu wa kuchezea. Tumejadiliana kwa simu kama chumba cha uani nacho ni paa langu. Winnie ameamua kwamba kwa kuwa kina mlango wake na niliwahi kukipangisha, basi ni paa la mpangaji. Angekuwa hakimu huyu.

Chumba kinapakana na kibanda cha okidi. Katikati ni neti ya kijani tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Wamefika saa kumi, Winnie mbele, bibi yake nyuma amemshika bega. Mama Agutu amekonda. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani. Nilisimama karibu na tenki la maji, uso nikauelekeza ukutani kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaliambia tenki.

Alikuja na begi, mfuko wa dagaa, na kopo kubwa la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa mdomoni. Nilinyoosha mkono nipokee kopo, Winnie akanikataza kwa macho. Njia nzima kutoka Shirati kwao, anasema, bibi alilipakata kama mtoto.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kliniki. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watamfanyia upasuaji jicho la kulia tarehe 7 Novemba, la kushoto mwakani. Winnie amerudi Sengerema na kivuko cha Kamanga cha jioni.

Jumatano, 16 Oktoba

Utaratibu wetu: napika, naweka sinia juu ya stuli mbele ya mlango wake, nagonga mara mbili, naondoka. Akimaliza anagonga sinia kwa kijiko, nami naenda kulichukua baada ya kusikia mlango umefungwa. Sijamwona, hajaniona. Kwa kweli tunaelewana vizuri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ugali umerudi nusu. Samaki kaisha.

Jumapili, 20 Oktoba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe kajipa mwenyewe. Nimerudi kanisani nimekuta uani pamefagiwa, kwa kupapasa, na vyungu vyangu vimepangwa upya kwa urefu. Nilipokuwa navirudisha, sauti ikatoka upande wa pili wa neti.

"Mkwe."

Nikageukia ukuta upesi, ingawa katikati palikuwa na neti na ukungu wa macho yake.

"Naam, mama."

"Hii maua ya Sabina. Nimeigusa. Haina udongo."

"Okidi haitaki udongo, mama. Porini inaishi juu ya miti. Ukiifukia mizizi inakosa hewa."

"Sasa inakula nini?"

"Maji, na mbolea kidogo kila Jumapili."

"Umeiweka kwa mkaa. Kama mahindi ya kuchoma."

Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamweleza habari ya Namba Saba, chungu cha mwisho karibu na mlango wake: kwamba mwanawe ndiye aliyewaozesha wazazi wake kwa mikono yake, kwamba ina kikonyo, kwamba niliahidi kumwonyesha.

"Kila kitu cha mtoto wangu," akasema, "umekiweka mahali hakuna udongo wake."

Akaingia ndani.

Najua alichomaanisha. Mke huzikwa nyumbani kwa mume, na kwetu Misungwi wakati ule shamba lilikuwa na kesi kati yangu na kaka zangu. Mahakama ilizuia hata kuchimba shimo la choo. Nikamzika Sabina makaburi ya mji, kati ya watu tusiowajua. Ndugu zake walisema amezikwa kama mtu aliyeokotwa. Sikuwajibu. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa heshima. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na bado naona.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Robo saa, mawe matupu. Neti imestahimili.

Jumamosi, 26 Oktoba

Matumba manne! Madogo kama punje za mtama. Nimeyataja kwa sauti, "Manne, mama," nikaondoka kabla ya jibu. Nyuma yangu nikasikia, "Manne." Kana kwamba anaonja chumvi.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Jirani yangu Selina ameleta mihogo na umbea. Mama Agutu anaosha dagaa kila siku. Uani kunanuka kama mwalo wa samaki.

Jumamosi, 2 Novemba

Mwezi mwandamo, wadudu wa ziwani wamepanda mjini kama moshi. Tumezima taa mapema.

Namba Saba majani yamelegea. Nimeyashika, laini kama sikio la mbuzi. Sielewi. Maji sikuzidisha.

Jumapili, 3 Novemba

Nimeelewa.

Nilinyanyua chungu ili nikiangalie chini. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Juu palikuwa na vipande vya mkaa kama nilivyoviacha, vimepangwa kwa adabu kabisa. Chini ya mkaa udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi umeshindiliwa mpaka ukingoni, umelowa maji ya kuoshea dagaa, unanuka. Matumba mawili yalikuwa yamegeuka manjano. Niliyagusa yakadondoka.

Niandike nilivyofanya, nisijipendelee. Nilipiga kelele. Mimi, ambaye miaka thelathini na miwili sikuwahi kumfokea hata mfagizi aliyevunja darubini. Nilisema, "Mama, nilikwambia kwa mdomo wangu! Miaka mitatu! Hiki ndicho alichoniachia, na umekizika kizima!" Nikachomoa mmea, nikaenda na chungu mpaka mtaroni nyuma ya nyumba, nikakikung'uta. Udongo wote ukaanguka kwa kishindo. Mvua ilikuwa inanyesha na mtaro ulikuwa unakwenda.

Mama Agutu alikuwa amesimama mlangoni kwake bila kitenge usoni. Aliinua mkono mmoja, kama mtu anayetaka kudaka kitu kinachoanguka, kisha akaushusha.

Nimeosha mizizi kwa maji yaliyochemshwa. Ilikuwa kumi na mmoja, saba imeoza. Nimeikata kwa wembe niliouchoma motoni, nimepaka vidonda mdalasini wa chai kuzuia ukungu, nimepanda upya kwenye mkaa mkavu. Mizizi minne, matumba mawili. Ningekuwa natoa majibu ya maabara ningeandika: hali mbaya.

Sinia la jioni limerudi lilivyokwenda.

Jumatatu, 4 Novemba

Winnie amepiga simu saa moja asubuhi. Hakunisalimu.

"Baba, umeumwaga wapi ule udongo?"

"Mtaroni. Bibi yako ameniharibia..."

"Ulikuwa wa mama."

Nikakaa kwenye ngazi. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wagumu. Lile kopo lilijaa udongo wa Shirati, wa pale mlangoni pa nyumba aliyozaliwa Sabina. Bibi aliuchimba mwenyewe kwa kupapasa. Alitaka kuuweka kaburini, mwanawe awe na kidogo cha kwao. Lakini makaburini hawezi kufika bila mimi, na hakujua mama mkwe anaanzaje kumwomba mkwe wake jambo kama hilo, mkwe ambaye naye hakuuliza kopo lina nini. Siku zikapita. Halafu akaambiwa kuna ua la Sabina lina mimba ya maua manne, na akiligusa halina hata chembe ya udongo. Akaona heri hilo ua alipe ule udongo.

"Na yale maji ya dagaa?"

"Mboga za bibi zote anamwagilia hayo, baba. Ndivyo anavyopenda mtu."

Hasira hasara. Nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi wa mazoezi ubaoni maneno hayo, eti wasivunje vioo.

Jumanne, 5 Novemba

Maji yakimwagika hayazoleki. Udongo, kwa bahati, unazoleka kidogo. Asubuhi nimeshuka mtaroni na kijiko cha supu na chujio la chai. Mwingi umeshakwenda ziwani, lakini kwenye kona ya zege palikuwa pamebaki bonge lililokwama kwenye majani. Nimechota, nimechuja, nimetoa mkaa na magamba ya dagaa kimoja kimoja.

Selina alichungulia juu ya ukuta. "Baba Winnie, umepoteza pete?"

"Zaidi ya pete."

Akanitazama kidogo, akashuka bila kuuliza. Selina kushindwa kuuliza, mjue nilivyokuwa naonekana.

Nimepata kikombe kimoja na robo. Nimeukausha kwenye kikaango kikavu, nikaurudisha kwenye lile kopo alilokuwa ameliacha mlangoni, nikafunga kitambaa. Nimeweka kopo kwenye stuli pamoja na sinia. Nikagonga mara mbili.

Sinia limerudi tupu. Kopo halikurudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Upasuaji. Dakika ishirini. Winnie yuko naye, mimi nimekaa nje na watu wa Ukerewe waliokuja na kuku wa daktari.

Ijumaa, 8 Novemba

Bandeji imetolewa. Kitu cha kwanza alichosema, Winnie ananiambia: "Kumbe umefanana na mama yako hivi." Winnie alinisimulia akilia, nami nikaenda kumwagilia okidi ambazo hazikuwa na kiu.

Matone manne kwa siku, wiki nne. Asiiname, asipate moshi.

Jumapili, 10 Novemba

Winnie ameondoka. Kesho mitihani ya kidato cha nne inaanza, yeye ni msimamizi, hawezi kutoka mpaka iishe. Selina amekubali kutia matone.

Jumatatu, 11 Novemba

Selina anaogopa macho. Alikuwa hajaniambia. Asubuhi anafumba macho yake yeye wakati wa kudondosha. Tone la kwanza sikioni, la pili kwenye mto, la tatu nadhani alilimeza mgonjwa. Mchana vivyo hivyo. Jioni chupa imefika nusu na jicho ni kavu na limeanza kuwa jekundu. Nimeona jekundu hilo kwa mbali, kupitia neti, na nikajua. Jicho lililopasuliwa likipata maambukizo, linapotea kwa siku mbili. Nimeona majibu ya aina hiyo maabara, najua yanavyoandikwa.

Mkono wangu hautetemeki. Lakini kumtilia mtu dawa ya jicho ni kumshika kichwa, kumfungua kope na kumtazama ndani ya jicho lenyewe. Mama mkwe! Afadhali niambiwe niende kanisani na bukta.

Nilikuwa nazunguka uani nikijisemea hayo Selina alipotoka chumbani.

"Anauliza kama lile koti la hospitali bado unalo. Lile alilokuwa anakupigia pasi Sabina."

"Ninalo."

"Basi anasema umwite huyo mtu wa hospitali aje. Ila mkwe wake abaki nje."

Nimelitoa sandukuni. Linabana tumbo. Nimenawa mpaka viwikoni, nimevaa, nimegonga mara mbili.

"Nani?"

"Mtu wa hospitali."

"Karibu, daktari."

Alikaa kitini, kitenge kimeshuka mabegani, uso wazi. Nilimshika paji la uso, nikavuta kope la chini, tone moja. Limeingia katikati. Hakupepesa. Jicho lilinitazama, la hudhurungi, safi, na lilikuwa jicho la Sabina. Nilikuwa sijajiandaa kwa hilo.

"Asante, daktari. Mkono wako mwepesi."

"Nitarudi asubuhi, mama."

Nikavua koti uani. Alipotoka kwenda bafuni nilikuwa tayari nimetazama ukuta, naye alikuwa amejifunika mpaka puani.

Jumanne, 12 Novemba

Matone manne. Wekundu unapungua.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo daktari amepewa habari. Nilikuwa nafunga chupa, akasema:

"Daktari, mimi nina mkwe. Mkali."

"Mkali kiasi gani, mama?"

"Alinifokea mbele ya mvua. Miaka yote nilimjua mpole. Nikasema, kumbe huyu ana sauti? Mbona hakuitumia siku ya msiba, wakati ndugu zangu wanamsema? Ningejua kwamba anaumwa moyo kama mimi."

Nilitengeneza kifuniko kilichokuwa kimeshakaa sawa.

"Nitamfikishia," nikasema.

Ijumaa, 15 Novemba

"Mama, yule mkwe wako nimekutana naye."

"Anasemaje?"

"Anasema alikosea. Anasema angejua ule udongo ni wa wapi, angeuweka mezani. Na anasema hata bila kujua, hakupaswa kukufokea."

Akafikiri. "Mwambie mimi nami nilikosea. Aliniambia haitaki udongo. Nilisikia vizuri, macho ndiyo mabovu, si masikio. Nilifikiri ni ubahili." Kisha akaongeza, "Mwambie chumvi anazidisha."

Jumatano, 20 Novemba

Tumba moja limedondoka, bila manjano, bila sababu. Limebaki moja. Sikumwambia. Lakini jioni, tone la mwisho: "Daktari, limebaki moja, siyo? Nimeliona mwenyewe kwa neti." Anaona! Anaona tumba la ukubwa wa choroko kwa hatua tano. Nimefurahi na kuhuzunika kwa pumzi moja.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo daktari ameeleza kesi ya shamba la Misungwi, yote: hati, kaka, zuio la mahakama, na jinsi mkwe wake alivyokaa usiku mzima na maiti akitafuta pa kuizika. Sijawahi kumweleza mtu. Laiti koti hili lingekuwa na mdomo miaka mitatu iliyopita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini hakusema?"

"Aliona aibu."

"Mjinga," akasema Mama Agutu, polepole, kama mtu anavyomsema mwanawe. "Mwambie nataka kwenda pale."

Jumamosi, 30 Novemba

Winnie amemaliza mitihani, amevuka asubuhi. Tumekwenda makaburini. Mama mkwe na mjukuu wake bajaji ya mbele, mimi bajaji ya nyuma peke yangu, kama polisi na mshukiwa. Dereva wangu aliuliza kama ni ugomvi wa familia. Nikamwambia ulikuwepo.

Nilibaki mbali, karibu na mti wa mkuyu. Mama Agutu alifungua kitambaa, akaona kiasi kilichobaki. Alinyunyiza kwa mkono, taratibu, kichwani mpaka miguuni, akisema na Sabina Kijaluo. Sikielewi Kijaluo. Nilisikia jina langu mara mbili, na mara ya pili Winnie aligeuka akanitazama akicheka huku analia.

Konzi moja hakuimwaga. Aliifunga tena kwenye kitambaa.

Alhamisi, 5 Desemba

Matone ya mwisho. Jicho safi. Daktari amestaafu mara ya pili. Tumba limevimba, limepata mstari wa rangi ubavuni, lakini sitaki kubashiri. Jumanne Winnie anamrudisha bibi yake Shirati kabla nauli za Krismasi hazijapanda.

Ijumaa, 6 Desemba

Bado.

Jumamosi, 7 Desemba

Bado. Mvua kutwa. Nimeinyooshea Namba Saba kidole kama mtoto mtukutu.

Jumapili, 8 Desemba

Limefunguka.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa nimesimama mbele yake na nguo za kulalia. Si jeupe. Ni rangi ya maziwa ya mgando, na kadiri linavyoingia ndani linakuwa na umanjano kidogo, na katikati kabisa madoa mekundu madogo yamekusanyika pamoja kama watu kwenye kivuli kimoja. Mdomo wake ni wa waridi. Hakuna okidi iliyowahi kuwa hivi, mahali popote, kabla ya leo asubuhi. Sabina alibashiri akapata nusu.

Nililia. Niandike, kwa kuwa nimeahidi maneno.

Kisha nikachukua chungu, nikakiweka kwenye stuli mbele ya mlango wake, nikagonga mara mbili, nikageuka kuondoka.

"Usiende," akasema kutoka ndani.

Nikasimama, uso ukutani. Nikasikia mlango. Jogoo wa Selina akawika mara tatu.

"Kumi na saba," akasema.

"Nini, mama?"

"Madoa. Nimehesabu kumi na saba."

"Mimi nimehesabu kumi na tisa. Mawili yako ndani ya mdomo."

"Kweli. Kumi na tisa." Akavuta pumzi. "Geuka."

"Mama, leo sina koti."

"Naona huna. Jicho limepona. Geuka."

Nikageuka. Kitenge kilikuwa mabegani. Alinitazama usoni kwa jicho moja zima na moja la ukungu, akaanzia nywele akashuka mpaka kidevuni, bila haraka, kama alivyolitazama ua.

"Umezeeka, Nestory."

"Nimezeeka, mama."

"Na umekonda. Si chumvi peke yake, hujui kupika kabisa."

Nikamweleza kwamba kwa wakuzaji wa okidi, aliyewaozesha wazazi ndiye mwenye haki ya kumpa chotara jina, na kama hayupo, haki ni ya watu wake. Mpaka leo lina namba tu. Alifikiri akiwa ameshika ukingo wa chungu. Kwao mwanamke aliyeolewa mbali huitwa kwa alikotoka, binti wa mahali fulani, ili asipotee.

"Nyar Shirati," akasema. Binti wa Shirati. Kisha, baada ya kupatazama uani pangu, tenki, neti, na vyungu alivyovipanga kwa urefu: "Andika na hapa ua lilipozaliwa. Butimba."

Nimechukua kalamu, nimefuta ile saba kwenye kibao, nimeandika yote mawili.

Ile konzi ya udongo aliyoibakiza ameifunga kwenye kitambaa kidogo na kuining'iniza kwenye msumari juu ya chungu. "Iangalie tu," amesema. "Isile." Mizizi ni minne, na sijui kama mmea utaona vuli nyingine. Jicho la kushoto ni mwakani, kwa hiyo kuna mtu atakayekuja kuukagua.

Nilikwenda kupika chai. Niliporudi nayo stuli ilikuwa na ua, na hapakuwa na pengine pa kuweka sinia. Nimempa mkononi. Amelipokea kwa mikono miwili.